Jino Lililotoka Kabla ya Mtoto

Jumapili, 6 Juni 2004

Damu tena kwenye mswaki. Si tone moja — nikitema, mchanga wote unakuwa mwekundu. Fizi zimevimba na zinang'aa kama za mtoto anayeota meno. Na lile jino langu la mbele, lile lililopiga weusi, leo limeanza kugonga. Gonga, gonga, kama lina moyo wake lenyewe.

Nililiumiza zamani, chuo cha ualimu Nachingwea, nilipoanguka na baiskeli mteremkoni. Likabadilika rangi, likanyamaza. Miaka yote hiyo kimya. Kwa nini sasa?

Kanisani sikuimba vizuri. Sauti ya kwanza inanitegemea mimi, lakini kila nikivuta hewa baridi inaingia moja kwa moja kwenye jino. Mwishowe nikafunga mdomo, nikawa nafuata kwa pua tu. Mwalimu wa kwaya kaniangalia mara mbili.

Mimba ina miezi mitano. Sijaandika habari zake humu kwa sababu ya mwaka jana. Yule wa mwaka jana nilimwandika kila siku — leo kageuka, leo kapiga teke — akatoka wa miezi saba na hakulia. Kwa hiyo naandika habari za jino. Jino halidhuru kuliandika.

Jumanne, 8 Juni

Mdomo wa juu umevimba. Watoto wa darasa la kwanza wameniangalia asubuhi nzima bila kupiga kelele. Wangekuwa hivyo kila siku!

Mwantumu, jirani yetu, kanichungulia kinywani akacheka. Anasema ni kawaida kabisa, kila mtoto anakuja kuchukua jino la mama yake. Akafunua mdomo wake anionyeshe: hapa Bilali, hapa Raudha, hapa yule aliyefariki na surua. Mapengo yake anayaita kwa majina! Nikacheka, nikaumia.

Nilipobaki peke yangu nikawaza: je, yule wangu wa mwaka jana? Yeye hakuchukua jino lolote. Alikwenda mikono mitupu.

Mama ameponda karafuu akanibandikia kwenye ufizi. Mama ni mama yake Gabrieli, mume wangu. Tunaishi wote watatu, ingawa kwa kweli tunaishi wawili maana Gabrieli maisha yake yako Namungo kwenye machimbo ya dhahabu. Mama Domitila, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka wakati wa vita vya Mreno, msichana bado. Ana chale usoni na meno ya mbele yamechongwa, ncha tupu. Haongei sana. Kiswahili chake kifupi, na akiudhika anarudi kwenye Kimakonde, mimi nabaki nje ya mlango.

Alhamisi, 10 Juni

Siandiki vizuri. Homa.

Uvimbe umepanda hadi chini ya jicho. Uso wangu wa upande huu si wangu. Nimekwenda hapa hapa Ruangwa, tabibu kanipa vidonge vya kuanzia, akasema niende Nachingwea kwa daktari wa meno, hilo jino litoke. Nisikawie.

Nimerudi nikamwambia Mama. Alikuwa anasonga ugali. Akasema hapana, mwenye mimba haguswi jino. Nikamwambia tabibu kasema. Akasema tabibu ni kijana. Nikamwambia namsikiliza kijana. Akasema basi tumsubiri Gabrieli, mke ni wake na mtoto ni wake, yeye ndiye atakayesema.

Gabrieli! Hajaonekana, hii ni wiki ya tatu. Yuko shimoni, na Namungo simu haishiki.

Nikapaza sauti. Sijawahi kumpazia sauti tangu nimeingia nyumba hii. Nikasema, mpaka aje yeye mimi nitakuwa nimekufa, mimi na huyu mtoto, na hilo jino litakuwa lipo salama mdomoni!

Mama akasimama na mwiko mkononi. Akasema, "Na yeye alisema hivyo."

Nani?

Akafunika sufuria akatoka. Sasa ni alasiri na bado yuko nje, amekaa kwenye kinu kilicholazwa, ananipa mgongo.

Jumamosi, 12 Juni — Nachingwea

Limetoka. Niko hai. Niandike yote kabla sijasahau, ingawa sidhani kama nitasahau.

Jana asubuhi jicho halikufunguka. Nilikuwa najifunga khanga niende peke yangu, Mama akatoka chumbani amevaa kitenge chake kizuri, kile cha Pasaka, na kikapu. Alikuwa ameshamtuma Mwantumu amsimamishe Isihaka, yule mwenye pikapu ya kubeba ufuta, rafiki yake Gabrieli. Nikawekwa mbele. Mama akapanda nyuma juu ya magunia, mwanamke wa umri ule, akakataa kabisa tubadilishane. Njia nzima nilikuwa nageuka kumtazama kwenye kioo cha nyuma: ameshika bomba kwa mikono miwili, macho amefumba, vumbi limemgeuza rangi.

Daktari wa meno anaitwa Awadhi. Mtu mrefu, mpole, mikono mikubwa mpaka nikaogopa itaingiaje kinywani. Akaniuliza mimba ya miezi mingapi, nikasema mitano. Akasema vizuri, wakati huu ndio mzuri kuliko yote, si mwanzo na si mwisho. Akataka kuanza.

Mama akasimama kati ya kiti na daktari. Kweli kabisa, akasimama katikati kama anazuia mbuzi.

"Usimguse," akasema. "Dada yangu waliligusa, akafa. Na mtoto wake ndani."

Daktari hakumfokea. Alivuta stuli, akamwambia, "Kaa, mama yangu. Nieleze."

Basi akaeleza. Miaka mitano nimeishi naye sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile. Dada yake aliitwa Lusiana. Walivuka mto pamoja, wakawekwa kambini upande huu. Lusiana alikuwa na mimba, jino la nyuma likaanza. Wazee wakakataza, mwenye mimba haguswi. Akakaa nalo. Akalia, akaacha kula, akaacha kulia. Ndipo Domitila, mdogo mtu, akaenda kwa siri kumtafuta mtu mmoja aliyekuwa na koleo. Akamleta. Akamshika dada yake kichwa kwa mikono yake, hivi — akatuonyesha, mikono imeshika hewa — mpaka jino likatoka. Kesho yake Lusiana akafa.

"Mimi ndiye nilimwita yule mtu," Mama akasema. "Mimi."

Daktari akauliza. Kabla hajang'olewa, uvimbe ulikuwa umefika wapi?

Mama akapandisha mkono shavuni. Akaushusha kwenye taya. Akaushusha shingoni. Ukasimama hapa, kwenye mfupa wa bega.

"Alikuwa anameza?"

"Hamezi. Hata mate."

"Anapumua vizuri?"

Mama akatikisa kichwa.

Daktari akasema polepole, "Mama, mimi sikuwepo, siwezi kuapa. Lakini mtu aliyevimba mpaka hapo, usaha umeshashuka shingoni. Kwa haya unayonieleza, dada yako alikuwa ameshaanza kuondoka kabla hujamwita huyo mtu. Hukumuua wewe. Na huyu mkwe wako bado hajafika huko. Ndiyo maana nataka kulitoa leo, si kesho."

Mama alisogea pembeni. Ni hilo tu, alisogea. Lakini hakutoka chumbani.

Daktari akakunja khanga yangu moja akaiweka chini ya nyonga ya kulia ili nilalie upande wa kushoto kidogo. Anasema ukilala chali mtoto anakandamiza mshipa mkubwa, utaona giza. Sindano ya ganzi iliuma sana, anasema penye usaha ganzi haishiki haraka, tusubiri. Tukasubiri. Kisha nikasikia kama mti unang'oka ndani ya kichwa changu, mizizi na udongo wake — hakuna maumivu, sauti tu! — na harufu mbaya, na kitu cha moto kikamwagika. Na mara ile ile uso wangu ukapoa. Siwezi kueleza. Kama mtu aliyekuwa ananikalia shavuni kanyanyuka.

Jino lenyewe ni dogo. Nilidhani kitu cha kuniumiza hivyo kitakuwa kikubwa.

Amenipa amoksilini. Panado sawa, asprini nisiguse, na zile sindano za maumivu za dukani nisiguse. Maji ya chumvi. Nirudi Julai anisafishe ugaga, ule uchafu uliogandia kwenye meno, maana fizi zangu ni mbaya.

Tumelala hapa kwa binamu yake Mama. Nimeamka naona kwa macho yote mawili.

Jumapili, 13 Juni — Nachingwea

Mtoto kanyamaza.

Tangu juzi sijamsikia. Ijumaa sikumfikiria, nilikuwa nafikiria jino. Jana nikasema amelala. Leo sijamsikia kanisani, sijamsikia nilipokunywa chai ya moto, sijamsikia nilipolala kwa ubavu.

Mwaka jana ilianza hivi hivi. Kimya.

Sijamwambia Mama. Nadhani anajua. Ananitazama tumboni, hanitazami usoni.

Mchana tukiwa tunachambua mboga akasema, kama anaongea na mboga, "Basi ningemwita mapema."

Nikamwuliza nani.

"Yule mwenye koleo. Kumbe nilichelewa kumwita."

Nikajua anazungumza habari gani. Nilidhani maneno ya daktari yamemtua mzigo. Yamemgeuzia tu, kaushika upande mwingine. Nikamsogelea tukachambua mboga sinia moja.

Jumatatu, 14 Juni

Amecheza! Tuko kwenye pikapu ya Isihaka, tunapita korongo, gari likaruka — naye akaruka! Mara mbili. Nikapiga kelele Isihaka akafunga breki akidhani nimeumia. Nikamwita Mama ashuke, nikamwekea mkono wake hapa. Tukasubiri barabarani na injini imezimwa, Isihaka kageukia vichakani kwa heshima.

Akacheza tena. Mama akasema neno la Kimakonde. Sikulijua, na sikuuliza.

Nimemwandika. Basi.

Jumatano, 23 Juni

Gabrieli amekuja. Mwekundu wa vumbi hadi kope. Isihaka alikuwa ameshampasha habari Namungo, kwa hiyo aliingia na hasira iliyokwisha kupikwa. Mmemng'oa mke wangu jino bila mimi! Mkijua ya mwaka jana! Kama lingetokea jambo je? Alimwambia mama yake hayo yote na mama yake alikuwa anapepeta mchele, hakuacha kupepeta.

Alipomaliza, Mama akasema, "Ulikuwa wapi?"

Haikuwa kumsuta. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza njia.

Gabrieli akatoka nje akaanza kutengeneza kibatari ambacho hakikuharibika. Sijamwona akinitazama mdomoni. Ananitazama machoni, kwenye nywele, tumboni, anapitia pembeni ya mdomo kama mtu anayekwepa dimbwi. Na mimi nimejikuta nimeshika pindo la khanga karibu na pua wakati wote. Ndani ya nyumba yangu!

Jumatatu, 12 Julai

Shule imefunguliwa. Nimegundua pengo lina sauti. Herufi s inatoka na mluzi. Leo tulikuwa na neno "sisimizi". Nikasema mimi, wakasema wao — darasa zima, kwa adabu kabisa, kila mmoja na mluzi wake! Wanadhani ndivyo inavyotamkwa. Nilirudia, wakarudia. Nilitaka kulia, nikacheka mpaka nikakaa.

Kwaya nimepumzika. Nimesingizia mimba.

Jumanne, 20 Julai — nimerudi kutoka Nachingwea

Nimesafishwa. Daktari Awadhi ametoa ugaga kwa vyuma vyake, vipande kama maganda ya yai. Ameniambia mimba inazifanya fizi kuwa laini na kutoka damu kwa urahisi, ndiyo maana wanawake wengi wanaacha kupiga mswaki, wanaogopa damu. Na wakiacha ndiyo zinaharibika. Nipige asubuhi na usiku, taratibu, hata kama damu inatoka. Na kuhusu mtoto kuchukua jino la mama, amecheka. Mtoto hachukui jino, anasema. Jino linaondoka kwa uchafu na kwa kuachwa. Sijui nitamwambiaje Mwantumu. Pengine sitamwambia. Yale majina ni yake.

Kisha nikamwuliza lile nililokwenda nalo. Fizi zangu mwaka jana zilikuwa zinatoka damu pia, sikumwambia mtu. Je, ndizo zilizomtoa mtoto wa miezi saba?

Akavua glavu kwanza. Akasema kuna wataalamu wanaosema fizi mbovu na kuzaa kabla ya wakati vinaonekana pamoja mara nyingi. Lakini kwamba moja limesababisha lingine, kwako wewe, mwaka jana — "Sijui, mwalimu. Na atakayekwambia anajua, anakudanganya."

Nimelichukua jibu hilo njia nzima kurudi. Nilitaka anipe mkosaji. Hata kama mkosaji ningekuwa mimi, nilikuwa tayari. Nilimwonea wivu Mama siku ile, sasa ndiyo naelewa: yeye aliulizwa swali likawa na jibu. Langu halina. Itabidi niishi nalo hivi hivi likiwa wazi, ulimi unapita.

Na pengo? Akasema nikishajifungua atanitengenezea jino la plastiki la kuvaa na kuvua. Mengine yapo Dar. Kuna hata la kupandikiza: wanatoboa mfupa, wanafunga skrubu ya chuma, wanaiacha miezi mpaka mfupa uishike, halafu wanaweka jino juu yake. Halitoki tena. Yeye mwenyewe ameliona kwenye picha, hajaliona kinywani. Lakini si kwa mjamzito, wala si kwenye fizi zinazovuja damu. Hilo si jambo la haraka, anasema. Jambo la haraka tulishalifanya.

Nimemkuta Gabrieli nyumbani, nikafanya kosa nikamweleza.

Jumapili, 15 Agosti

Siku ya Bikira Maria Kupalizwa. Nimeimba! Nimerudi kwaya, mluzi na yote. Hakuna aliyecheka, labda ngoma zilinisaidia.

Leo nimevuka. Siandiki nimevuka nini. Tumbo liko hapa, linanipiga ubavuni ninapoandika, na siku ile imepita nyuma yangu kama gari lililopita bila kusimama. Nilikaa uani nikaitazama mikorosho ilivyoanza kutoa maua, nikawaza kwamba mwaka jana sikuyaona kabisa. Mama akaniletea uji. Akakaa. Hatukusema kitu, na wote wawili tulijua hatusemi nini.

Jumamosi, 4 Septemba

Ugomvi, lakini wa sauti ya chini, maana Mama yupo ukuta wa pili.

Gabrieli amekuja kwa siku mbili tu. Anasema wameacha lile shimo la zamani, wanafuata mwamba mpya, unashuka sana. Chini wanaingia mmoja mmoja. Nikamwambia ngazi yenyewe ya miti. Akasema ni imara. Nikasema mwezi ujao najifungua. Akasema ndiyo maana.

Ndiyo maana nini?

Lile jino. La kupandikiza! Kuna mnunuzi wa dhahabu kutoka Dar anafika Namungo, analo, kafungua mdomo akawaonyesha wachimbaji wote wakapanga mstari kuchungulia. Huwezi kulitofautisha, anasema. Akipata mwamba huu, kitu cha kwanza ni jino langu.

Niandike ukweli maana hapa hakuna anayesoma. Nalitaka. Siku nyingine naota nacheka nalo. Mimi si mtakatifu wa kusema pengo halinisumbui; linanisumbua kila nikikutana na mzazi wa mwanafunzi, kila nikisema "asante". Kama mtu angekuja na skrubu yake leo, ningefungua mdomo.

Lakini si kwa ngazi ile.

Nikamwuliza, unaona aibu nami? Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Juni, alinitazama mdomoni. Moja kwa moja.

"Si wewe," akasema. "Nikilitazama hilo pengo naona siku ambayo sikuwepo. Mama yangu mzee kapanda juu ya magunia. Isihaka kaendesha. Mimi nilikuwa nachimba mchanga."

"Basi uwepo," nikamwambia. "Jino litasubiri."

Akasema nitakuwepo. Akasema mwamba kwanza, kidogo tu.

Asubuhi Mama aliniambia kitu nilipokuwa napiga mswaki. Kumbe ukuta hauzuii chochote. Akagusa meno yake yale ya ncha. Yeye na Lusiana walichongwa siku moja, kwa patasi, wamelala chali kwenye ngozi ya mbuzi, ili wawe wazuri waolewe. "Sisi tuliteseka meno yapungue," akasema. "Ninyi mnateseka yaongezeke. Wanaume hawajui wanataka nini." Akacheka, akatema mate, akaenda shamba.

Jumatano, 13 Oktoba — wodi ya wazazi, Ruangwa

Naandika kwenye benchi, kati ya wimbi moja la uchungu na lingine. Yakija naweka kalamu mdomoni.

Yalianza alfajiri nikifagia. Nikadhani ni yale ya uongo ya wiki iliyopita. Yakarudi. Mama aliniangalia mara moja akachukua kikapu, kumbe kilikuwa kimefungwa tayari siku nyingi, khanga, wembe mpya, sabuni, kadi ya kliniki. Tulikuja kwa miguu, polepole, tukisimama. Isihaka tulimkuta stendi anapakia korosho. Mama akamwambia ashushe magunia aende Namungo, amlete Gabrieli sasa hivi, na kama hayuko tayari arudi haraka yeye na gari, maana wakisema hapa hapanitoshi tutahitaji kufika Nachingwea. Isihaka hakubisha. Hakuna anayembishia siku hizi.

Mkunga kasikiliza kwa lile pembe lake. Mtoto yupo, moyo unakwenda vizuri. Kasema njia inafunguka. Kaniuliza nimeng'olewa lini hilo jino, nikamwambia nikiwa na miezi mitano. Akashangaa waziwazi: kumbe mlikubali! Wengine tunawatuma hawaendi. Mama akamjibu kabla yangu. Akasema, "Nilimpeleka mimi."

Linakuja.

Limepita. Hilo lilikuwa refu. Nimeuma kalamu, ina alama za meno yote isipokuwa moja.

Isihaka amerudi. Peke yake. Nimemwona dirishani akishuka kwenye pikapu. Mama akamfuata nje lakini nikaita aje aseme hapa, mbele yangu.

Anasema amemkuta yuko chini. Zamu yake. Wenzake wakainama shimoni wakapiga kelele, mkeo, mkeo! Wakapiga hadi wakasikia akijibu. Akajibu anakuja.

"Mbona hukumsubiri?"

"Mama alisema nirudi haraka, shemeji. Kuna mwenye pikipiki pale, atampakia."

Nikamwuliza alikuwa amefika wapi kwenye ngazi. Anasema hakumwona, kule chini giza tupu. Aliisikia sauti tu.

"Lakini ilikuwa inapanda," anasema. "Kila akiita, sauti ilikuwa imesogea juu. Nimemwacha anapanda."

Mkunga amekuja amevaa glavu. Anasema kalamu ikae chini sasa, nipande kitandani. Mama amenishika kiwiko. Kitanda kirefu, kina kijingazi cha chuma. Napanda.